Mbuzi, Kochi na Kiti cha Safari
Mhadhara wa uprofesa uliotolewa Bagamoyo



Desturi inataka mhadhara wa namna hii utolewe kampasi kuu, kwenye ukumbi wenye viyoyozi, profesa akiwa ndani ya joho. Nimeomba tuje huku, na joho nimeliacha kwenye gari. Sababu ni kitu hiki kilicho mezani, ambacho wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wakikiona darasani huanza kucheka. Ni mbuzi ya kukunia nazi. Ilikuwa ya marehemu mama yangu mkubwa, na imetumika hadi ubao umekuwa laini kama sabuni.

Itazameni vizuri. Ni mbao mbili tu. Moja ina tundu refu katikati. Ya pili imepunguzwa kiuno ili ipite kwenye tundu hilo. Ukizilaza, unapata ubao mmoja wa kutundika ukutani. Ukizifungua, zinapishana kama mkasi na tayari una kiti. Haina msumari, haina skrubu, haina gundi. Uzito wa mkaaji ndio unaoikaza: ukishakaa, mbao zinabanana. Watu wa pwani wanajua kwa nini hilo ni jambo kubwa, maana hewa ya chumvi hula skrubu mapema kuliko mchwa wanavyokula mbao. Kwa mbele umetokeza ulimi wa chuma wenye meno. Mama mkubwa alikuwa akikaa upande, khanga ameibana magotini, nusu ya nazi viganjani, anaizungusha kidogo kidogo bila kuitazama, huku akimsikiliza jirani, na nazi inadondoka kwenye sinia kama mvua ya rasharasha.

Nikiwa mwanafunzi Ulaya niliwahi kuona kiti cha kukunja ndani ya kabati la kioo, kwenye makumbusho, kikiwa na taa yake na maelezo ya aya tatu. Nilisimama pale nikawaza: hawa wangeiona mbuzi!

Leo nataka kuzungumzia samani za Skandinavia, yaani viti, meza, kabati na taa ambazo dunia nzima imekuwa ikiziiga tangu katikati ya karne iliyopita. Lakini nitazitazama nikiwa nimekaa hapa, kwenye kiti kifupi.

Nianze na mtu mmoja wa Copenhagen, Kaare Klint, aliyeanza kufundisha usanifu wa samani katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mwaka 1924. Mwaka 1933 alitoa kiti cha mbao nyembamba, chenye kikalio cha turubai na mikanda ya ngozi badala ya mikono. Kinafumuliwa chote bila bisibisi na kufungwa kama furushi. Kinaitwa Kiti cha Safari. Neno letu hilohilo. Klint alikiona kiti cha namna hiyo katika picha za wasafiri wa Afrika. Chenyewe kilikuwa kiti cha maofisa wa Kiingereza, kilichopewa jina la mji wa Roorkee, India, walikokuwa wahandisi wa jeshi. Klint hakudai kwamba amekibuni. Alikichukua, akakipima, akakirekebisha, akakiweka katika ubora ambao hadi leo kinauzwa kwa bei ya ng'ombe kadhaa.

Sasa jiulizeni: kwa nini viti vya wasafiri vilikuwa vyepesi hivyo? Jibu lilipita katika mitaa hii. Bagamoyo ndiyo ilikuwa mlango wa njia ya misafara ya kwenda Tabora na Ujiji. Stanley aliondokea hapa mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone. Kila kitanda, kila meza na kila kiti cha Mzungu kilipanda bega la mpagazi, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na kitu. Kitu kisichokunjika na kisichofumuliwa kilibaki ufukweni. Kwa hiyo wepesi tunaosomewa kama falsafa ya kaskazini, kwa samani za aina hii ulipimwa kwanza begani, na mabega mengi kati ya hayo yalikuwa ya Wanyamwezi waliokuwa wakilala hapa wakisubiri msafara ujao.

Kupima. Hilo ndilo neno ninalotaka mlibebe leo, na mengine mkiyasahau sitalalamika. Klint aliwalazimisha wanafunzi wake wapime samani za zamani kabla hawajachora mpya. Mwanafunzi wake, Børge Mogensen, alikwenda mbali zaidi. Miaka ya 1950, akiwa na Grethe Meyer, alisanifu makabati ya nyumbani kwa kuanzia ndani: shati lililokunjwa lina upana gani, sahani ni ngapi katika nyumba ya kawaida, kijiko kina urefu gani. Kwanza wakapima vitu, kisha ndipo wakakata mbao.

Mogensen huyohuyo ndiye aliyeongoza idara ya samani ya FDB kuanzia mwaka 1942. Nawaomba mafundi msikilize hapa, kwa sababu FDB halikuwa duka la matajiri. Lilikuwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Denmark. Mwaka 1947 walitoa kiti kinachoitwa J39, miguu minne, mgongo wa ubao mmoja uliopinda, kikalio cha kamba iliyosukwa, ili kinunuliwe na familia ya mfanyakazi. Sisi tunaukumbuka ushirika kama mahali pa kuuzia korosho na kusubiri malipo. Wenzetu waliutumia pia kuuziana viti. Hata nchi za Nordiki zilipokuja kuusaidia ushirika wetu, kuanzia mwaka 1968, tulijifunza kwao mengi ya uhasibu.

Nyuma ya kiti hicho kulikuwa na hoja ya siku nyingi. Mwaka 1899 mwandishi wa Sweden, Ellen Key, alitetea kwamba uzuri ni haki ya kila nyumba. Mwaka 1919 Gregor Paulsson, naye wa Sweden, akaandika kitabu kidogo akitaka vitu vya kila siku viwe vizuri zaidi. Vitu vya kila siku! Kikombe, kijiko, stuli. Hapa kwetu, tukisema sanaa, mawazo yanakwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nakshi.

Naomba nichepuke kidogo, maana habari hii siwezi kuinyima hadhira ya Pwani. Tarehe 7 Machi 1955, Mwalimu Nyerere, Rais wa TANU yenye umri wa miezi minane tu, alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akidai itamkwe kwamba Tanganyika itakuja kutawaliwa na Waafrika. Chumba cha Baraza hilo, kuta zake za mbao, viti vyake na hata dari lake, kilisanifiwa na Finn Juhl wa Denmark na kukamilika mwaka 1952. Humo ndani kuna sanamu ya msaji ya mwanamke anayemrusha ndege, kazi ya Henrik Starcke, pia wa Denmark. Msaji ni mti tunaoufahamu. Umo katika milango ya mji huu. Na neno tulilolichagua kutafsiria chombo kile kikubwa ni lipi? Baraza, kile kiti cha mawe na chokaa kilichojengwa pamoja na nyumba, anapokaa yeyote apitaye bila kuulizwa ametoka wapi. Sijui samani nyingine duniani iliyopandishwa cheo namna hiyo.

Sasa tuje barabarani. Ukitoka Mwenge kuja huku, vitanda na makochi yamepangwa kando ya lami, yamevikwa nailoni ili vumbi lisiingie. Miaka michache iliyopita shemeji yangu alinunua seti huko, kwa fundi ambaye jina lake nitalihifadhi. Nyumba yake ni ya kale, iko humu mjini, mlango wake una mabawa mawili na mfaa katikati. Kochi la watu watatu lilifika jioni, juu ya kirikuu. Vijana wanne wakalibeba. Likakataa mlango. Wakaligeuza ubavu, likakataa. Wakalisimamisha wima, likaingia hadi nusu, likakwama na mtu mmoja akiwa ndani. Usiku ule kochi lililala barazani, na wazee waliokuja kunywa kahawa wakalikalia wakalisifu sana. Kesho yake likakatwa mgongo kwa msumeno, likaingia vipande, likaungwa kwa misumari ya inchi 4. Mpaka leo ukilikalia linalia.

Nilimfuata fundi nikiwa na hasira za kisomi. Aliniacha niongee hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mteja akifika hapa haanzi kwa kukaa. Anashika pembe ya kochi anainua. Likinyanyuka upesi, anasema hili la mbao za boksi, anakwenda kwa jirani." Nikamweleza habari za viti vyepesi vya Denmark. Akaniuliza kwa upole, "Hicho kiti chako, mchwa wanakijua?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nakiri hapa hadharani kwamba hoja yake ina uzito kuliko kochi lake. Uzito kwetu ni cheti. Mninga mzito ni mninga uliokomaa, na mchwa wanauheshimu. Paini ya Sao Hill isiyotiwa dawa ni futari. Zaidi ya hapo, kuna heshima. Kiti cha enzi cha Lamu na samadari ya Unguja havikutengenezwa vihamishwe. Vilitengenezwa vionyeshe kwamba mwenye nyumba haendi popote. Wanaohubiri wepesi bila kulijua hilo, na mimi nilikuwa mmoja wao, wanaleta sura ya kiti cha Ulaya na kuiacha akili iliyokizaa. Nimeziona nyumba mpya za Dar zenye stuli nyeupe za miguu myembamba. Mwaka hauishi, mguu mmoja unategemezwa kwa kitabu.

Lakini kochi halikukwama kwa sababu ni zito. Lilikwama kwa sababu vipimo vyake vilitoka kwenye picha ya simu, na mlango uliokuwapo tangu enzi za masultani hakuna aliyeusogelea na futi kamba. Fundi angeweza kulifanya la mninga uleule, zito vilevile, lenye mgongo wa kupachika. Mwaka 1956, Gillis Lundgren wa IKEA, kampuni ya samani ya Sweden, alishindwa kuingiza meza kwenye gari; akaing'oa miguu, na kampuni yake ikajengwa juu ya wazo hilo. Sisi tuliuona mlango unakataa, tukachukua msumeno.

Kabati la vyombo nalo lina kesi yake. Ingieni nyumba yoyote hapa muulize sinia la pilau linakaa wapi. Litakuwa nyuma ya mlango, au kwenye msumari jikoni, au chini ya kitanda. Ndani ya kabati, nyuma ya kioo, mna vikombe vya maua visivyotumika na chupa ya chai yenye karatasi yake ya dukani. Kabati lilisanifiwa kwa nyumba inayokula kwenye sahani moja moja. Kitu kinachobeba shughuli zote za ukoo, harusi na hitima, hakina rafu. Mogensen angeanza na sinia.

Na kitanda cha kamba? Kiti maarufu cha Hans Wegner wa Denmark, cha mwaka 1949, kinasukwa kikalio kwa kama mita 120 za kamba ya karatasi, kazi ya mikono ya saa nzima kwa fundi aliyezoea, na watu wanakipigia picha. Sisi tuna neno kamili la kazi hiyo, kuwamba, na msamiati wake wote: matendegu, mifumbati, mchago. Kamba ikilegea inakazwa, ikikatika inabadilishwa, na hewa inapita chini ya mlalaji. Godoro la sponji likibonyea linatupwa kwenye mikoko. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kumwona mtu akiwamba kitanda, na wanaolijua neno wanadhani ni la ngoma peke yake.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliamua mradi wake uwe mbuzi. Alipima hii yangu kwa makini, milimita kwa milimita, akatengeneza nyingine kwa mbao za mwembe, akaipiga msasa hadi ikang'aa, akaipeleka kwa bibi yake. Bibi akaikalia, akakuna mara mbili, akajishika kiuno, akainuka kwa kuegemea ukuta.

"Mjukuu wangu," akamwambia, "umeipima mbuzi, hukunipima mimi. Magoti yangu hayashuki huko tena."

Binti akarudi karakana. Akapandisha kikalio, kisha akagundua kwamba ulimi nao lazima upande, na ulimi ukipanda mbao zinataka kupinduka mbele, kwa hiyo akarefusha mguu wa nyuma. Imemchukua majaribio matano. Ya sita ni hii hapa, chini ya kitambaa.

Kabla ya maswali, Mwenyekiti ameniruhusu jambo moja. Mbuzi zote mbili ziko mezani, na nazi ziko kwenye kikapu pale mlangoni. Naomba watu wawili waje wakune, mmoja kijana na mmoja mtu mzima. Wapishi wamenitumia ujumbe kwamba wali wa jioni unasubiri tui.