Samaki wa Ziwa Masoko na Hoja ya Uumbaji

Mjadala baina ya watetezi wa uumbaji, wanaoshika kwamba kila aina ya kiumbe ilitoka mkononi mwa Mungu ikiwa kama inavyoonekana leo, na watetezi wa mageuko, wanaoshika kwamba viumbe hubadilika kizazi baada ya kizazi hadi aina mpya zikatokea, umezoeleka Tanzania kwa mifano miwili: fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na ule mchoro wa sokwe anayenyooka mgongo hatua kwa hatua hadi akawa mtu. Mchoro huo umeiharibia nadharia ya mageuko jina kuliko mahubiri yoyote, kwa maana hakuna mwanabiolojia anayedai kwamba sokwe wa leo alimzaa mtu. Kinachodaiwa ni kwamba wote wawili wana mhenga mmoja wa kale. Wilaya ya Rungwe ina mifano iliyo bora zaidi.

Lakini kwanza neno lenyewe. Nadharia aliyoichapisha Charles Darwin mwaka 1859 husimama juu ya uteuzi wa asili, na katika Kiswahili uteuzi una mwenyewe: aliyezoea kusikia redioni kwamba fulani ameteuliwa huuliza papo hapo ni nani aliyemteua. Mkulima wa Isongole, Rungwe, anayetenga mahindi bora ya mbegu, akayatundika juu ya moto yapigwe moshi hadi msimu wa kupanda, ni mteuzi wa kweli, kwa kuwa anajua anachokitaka. Katika uteuzi wa asili mteuzi hayupo. Kuna giza, njaa, baridi na maradhi, na kiumbe aliyezaliwa na tofauti ndogo inayomfaa mahali hapo huacha watoto wengi kuliko wenzake, nao huirithi. Pengine ugomvi ungepungua kama tangu mwanzo lingechukuliwa neno mchujo.

Mchujo huo unaonekana katika Ziwa Masoko. Ziwa hilo, lililo kusini-mashariki mwa Tukuyu, ni ziwa la kasoko, yaani maji yaliyotuama katika shimo la volkano kama yale ya Ngosi juu ya Isongole, na kipenyo chake ni mita 700 hivi. Wamo humo samaki wadogo wa jamii ya sato na perege, ambao jina lao la kitaalamu ni Astatotilapia calliptera. Wanaokaa kandokando, kwenye mwanga, madume yao huwa ya manjano wakati wa kuzaliana. Wanaokaa kilindini, kwenye maji ya nusu giza, madume yao huwa ya buluu iliyokolea, na umbo la miili yao na chakula chao ni tofauti. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2015 ulisoma jenomu, yaani maandishi yote ya urithi, ya samaki 146, ukakuta sehemu 98 ambazo makundi hayo mawili yameachana waziwazi, zikiwemo zenye jeni zinazohusika na kuona penye mwanga hafifu. Tofauti hizo zinaambatana pia na dume gani jike humchagua.

Mtetezi wa uumbaji ana jibu, nalo si la kudharauliwa: samaki amebaki samaki. Jibu hilo linakubali kwamba viumbe hubadilika, ila linaweka uzio kati ya aina na aina, kwamba mabadiliko yatafika hapo na hayatavuka. Basi na uonyeshwe ulipo, kwa sababu ndani ya jeni haujaonekana. Wala dai la baadhi ya watetezi hao kwamba dunia ina umri wa miaka 6,000 hivi halipatani na matope ya Masoko hayohayo, yaliyojilimbikiza tabaka juu ya tabaka kwa zaidi ya miaka 40,000.

Kipunji, kima wa msitu wa Mlima Rungwe, anautia uzio huo mashaka zaidi. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kabla ya wanasayansi, waliomtangaza mwaka 2005 na kumweka katika jenasi ya kima wengine. Mwaka uliofuata uchunguzi wa jeni ulionyesha kuwa yu karibu zaidi na nyani, akapewa jenasi yake, Rungwecebus. Baadaye ilibainika kwamba kipunji wa Rungwe wana urithi wa upande wa mama unaofanana na wa nyani wa manjano, ilhali wenzao wa msitu wa Ndundulu, Udzungwa, hawana, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba zamani kipunji wa Rungwe na nyani hao waliwahi kuzaliana. Katika hayo yote hakuna linalothibitisha wala kukanusha kuwapo kwa Kyala, kama Wanyakyusa wanavyomwita Mungu. Linalojadiliwa ni njia, na njia huchunguzika.

Masoko yenyewe haijamaliza. Jeni bado zinapita kati ya samaki wa manjano na wa buluu, na huenda makundi hayo yakaachana kabisa, au yakarudi kuwa kundi moja.