Ulizeni Saa, Msiulize Mshahara Tu
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya kuchagua kazi. Ninalo neno moja: unapopewa kazi, usiulize mshahara peke yake, uliza na saa.

Mimi ni mhasibu. Nilifanya kazi miaka sita katika kampuni moja ya Dar es Salaam, nikiishi Chanika. Mshahara ulikuwa mzuri. Lakini niliondoka watoto wamelala, nikarudi wamelala. Njiani tu nilitumia saa 4 kila siku. Kwa siku 6 ni saa 24, yaani siku nzima ya kila juma.

Mwaka 2017 nilipata nafasi Morogoro, kwa mshahara uliopungua robo. Ofisi naifikia kwa miguu. Jamaa walinicheka. Mke wangu alichukua kalamu, akaondoa nauli na chakula cha mchana. Pengo likapungua, ingawa halikwisha. Hata leo tunalihisi ada za shule zinapofika. Lakini binti yetu alijifunza kugawanya pembeni yangu, jioni kwa jioni.

Vijana, ifahamuni sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma. Saa za ziada zisizidi 50 katika majuma 4, nazo hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mama aliyejifungua hupata siku 84, au 100 akizaa pacha. Baba hupata siku 3. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, humpa baba majuma 2.

Siku 3 hazitoshi kumlea mtu. Zilizobaki baba azitafute mwenyewe, kwa namna anavyochagua kazi. Basi ulizeni: kazi inakwisha saa ngapi? Safari ni ngapi kwa mwezi? Mtoto akiugua, ruhusa huombwa kwa nani? Tena msimwulize meneja tu. Waulizeni na wanaotoka getini jioni.

Sisemi mwenye njaa akatae kazi. Aishike, huku akitafuta iliyo bora. Mshahara waweza kuongezwa mwakani. Utoto wa mtoto haungoji.