Umoja wa Uwanjani Hauhubiriwi, Hufundishwa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya viongozi wa vijana na walimu wa michezo)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kuwalea vijana katika mpira wa kikapu, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Neno letu ni moja tu: umoja wa uwanjani hauhubiriwi, hufundishwa. Kijana hawezi kumgawia mwenzake mpira ikiwa mikono yake haijui kugawa. Twaweza kupiga kelele "Shirikianeni!" toka asubuhi mpaka jioni, kama hatukumfundisha kusimama, kutazama na kutoa pasi, kelele zetu ni bure.

Tukumbuke jinsi mchezo huu ulivyozaliwa. Mwezi wa Desemba 1891, katika mji wa Springfield, Marekani, mwalimu mmoja, jina lake James Naismith, alitakiwa abuni mchezo wa kuchezwa ndani wakati wa baridi. Alikuwa na wanafunzi 18, vikapu viwili vya matunda na mpira mmoja. Akawagawa tisa kwa tisa, akaandika sheria 13. Mojawapo ilisema mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira. Sharti aurushe kutoka pale alipoudakia. Angalieni vizuri, ndugu zangu. Kudunda mpira kulikuja baadaye. Mchezo ulianza kwa kupeana. Anayedhani kuwa kikapu ni mahali pa mtu mmoja kuonyesha maringo yake hajui asili ya mchezo huu.

Sasa tutazame viwanja vyetu. Mara nyingi mambo huwa hivi: mwalimu hutafuta kijana mrefu kuliko wote, akamweka chini ya goli, na wale wanne waliobaki kazi yao ni kumpelekea mpira. Kijana mfupi hukaa benchi wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wiki ya nne haji tena. Tumempoteza, wala hakuna aliyeuliza alikokwenda. Na yule mrefu naye tumempoteza, maana hakufundishwa kudunda wala kutoa pasi. Siku atakayokutana na mrefu mwenziwe, habari yake imekwisha. Tena mtoto wa miaka 12 hajamaliza kukua. Mfupi wa leo aweza kuwa mrefu wa kesho, na mrefu wa leo aweza kubaki hapo hapo alipo.

Mtatuuliza, "Basi tufanyeje, nasi tuna mpira mmoja na watoto ishirini?" Swali ni la haki. Tutalijibu kwa mambo matatu.

Kwanza ni miguu, na miguu haihitaji mpira. Watoto wote 20 wakimbie, na filimbi ikilia wasimame kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, kichwa juu. Kisha wajifunze kugeuka huku mguu mmoja umekita chini. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, alicheza mpira wa miguu na mpira wa mikono kabla hajagusa kikapu. Ustadi wa miguu yake ulisifiwa dunia nzima, na klabu yake ya Houston Rockets ikawa bingwa wa Marekani 1994 na 1995.

Pili ni mikono, yaani mikono yote miwili. Kila zoezi la kulia lirudiwe kwa kushoto. Mlinzi akishagundua kuwa kijana wako hana mkono wa kushoto, amemfungia nusu ya uwanja. Tena kijana adunde huku akitazama mbele. Mwalimu ainue vidole, naye ataje idadi yake bila kuacha kudunda. Anayeutazama mpira hawezi kumwona mwenzake.

Tatu ni pasi. Wachezeni watatu kwa watatu, goli moja, na kudunda iwe marufuku. Zitolewe pasi tano kabla ya mtu kutupa golini. Hapo ndipo mtoto atakapojua kwamba akishatoa pasi asisimame kama mlingoti, bali aende mahali penye nafasi, ili mwenzake apate pa kutupia. Katika timu ya watu watano, wanne hawana mpira. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mchezo ni kazi ya asiye na mpira. Msiubeze mchezo wa watatu kwa watatu, maana umeingia katika Olimpiki tangu ile ya Tokyo, iliyochezwa 2021. Wakati sita wanacheza, wale 14 wafanye mazoezi ya miguu na ya kulinda pembeni, kisha wabadilishane kila baada ya dakika tano. Asiwepo wa kukaa akitazama tu.

Jingine ni goli lenyewe. Goli la watu wazima lina kimo cha mita 3.05. Kwa watoto walio chini ya miaka 12 yafaa literemshwe mpaka mita 2.60, na mpira uwe namba 5, si namba 7 wa wanaume. Hili fundi seremala wa mtaani aweza kulifanya. Mtoto anayelazimishwa goli la juu hutupa mpira toka kiunoni kwa nguvu zake zote, na kosa hilo hukua naye.

Wapo wasemao, "Tukimfundisha kila mtu, tutafungwa mashindanoni." Huenda tukafungwa mwaka huu. Lakini mchezaji akitimiza makosa matano hutolewa nje. Timu iliyomtegemea mtu mmoja, siku hiyo huanguka pamoja naye. Timu yenye kumi waliofundishwa humwingiza mwingine, na kazi ikaendelea.

Wasichana nao wapewe saa zao uwanjani, zilizo sawa na za wavulana, si zile za jua kali ambazo wavulana wamezikataa. Na mwalimu ajiheshimu: asimtukane mtoto, asimpige, wala asimfundishe faraghani. Mzazi aliyetukabidhi mwanawe ametukabidhi amana.

Sasa tutoe mfano wa jirani zetu. Familia moja ya wakimbizi wa Sudan ya Kusini, familia ya Deng, ilipokuwa Misri ilifahamiana na Manute Bol, mtu wa kwao mwenye kimo cha mita 2.31, aliyecheza katika ligi kuu ya Marekani. Bol alimfundisha kikapu kijana mkubwa wa nyumba hiyo, akamlea pia mdogo wake, Luol. Luol akaenda Uingereza, akaendelea kujifunza Brixton, London, kisha akacheza katika ligi kuu ya Marekani toka 2004 mpaka 2019. Angeweza kustarehe. Akakubali kuwa rais wa chama cha kikapu cha Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru wake 2011, na ambayo haikuwa na uwanja wa ndani hata mmoja. Wachezaji wake wengi walikulia ukimbizini na ughaibuni. Hata hivyo, katika Kombe la Dunia la 2023 walipata nafasi ya kwenda Olimpiki. Julai 2024, mjini London, Marekani yenye LeBron James iliponea chupuchupu, 101 kwa 100. Siku chache baadaye, katika Olimpiki ya Ufaransa, Sudan Kusini ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Mtu mmoja alilelewa, naye akalea wenziwe.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu achague vijana wawili wakubwa katika uwanja wake, awafundishe kuwafundisha wadogo. Na yule mfupi aliyeacha kuja, tukamtafute kwao. Tumwambie kuwa nafasi yake ipo, na kesho jioni aje.