Kitabu Juu ya Meza



Mwaka 386, mjini Milano, Ponticianus, Mkristo mwenye cheo katika jumba la Kaisari, alimtembelea Augustino. Akaona kitabu juu ya meza: nyaraka za Mtakatifu Paulo. Akafurahi, akamsimulia habari za Antoni, mtawa wa Misri, na jinsi wenzake wawili walivyoikuta habari hiyo ya Antoni kibandani mwa watawa kule Trier. Mmoja akaisoma, wote wawili wakaacha utumishi wa Kaisari. Augustino aliona haya moyoni. Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa.

Wala Ponticianus hakuja kuhubiri! Alikuja kwa haja nyingine, ambayo Augustino hakuikumbuka baadaye. Alisema tu kile alichokipenda.

Katekista mmoja aliwahi kuniomba orodha ya vitabu nivipendavyo. Nilimwandikia vile vizito vya seminari, ambavyo vingine sijavifungua kwa miaka mingi. Kitabu cha sala cha marehemu mama yangu, kilichochakaa kwa kushikwa, sikukitaja; nilikionea haya. Naye maskini akavitafuta vile vingine kwa nauli yake. Leo, baada ya Misa, nitampelekea hicho cha mama.