Kukubali, Kuidhini na Kuridhia: Lugha ya Masharti ya Mitandao ya Kijamii na Faragha ya Mtu



Kila asikilizaye redio nchini Tanzania anaifahamu sentensi inayofunga matangazo mengi ya biashara: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Husomwa kwa kasi, kama kwamba msomaji anakimbizwa. Kisarufi, sentensi hiyo ni kiumbe cha ajabu kidogo. Kitenzi chake hakina nafsi wala njeo; kiko katika kauli ya kutendwa, lakini mtendaji hatajwi. Nani azingatie? Masharti yenyewe yameandikwa wapi? Msikilizaji hajui, wala hatarajiwi kujua. Nimeitanguliza kwa sababu mikataba ya mitandao ya kijamii, ambayo mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili wameifunga bila kuisoma, imejengwa kwa sarufi ya aina iyo hiyo.

Kwamba watu hawaisomi, hilo halina ubishi. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2016, Jonathan Obar na Anne Oeldorf-Hirsch waliwaalika wanafunzi 543 wa chuo kikuu wajiunge na mtandao wa kijamii ambao haukuwapo. Watafiti waliubuni wao wenyewe. Ndani ya masharti walipachika kifungu kinachomtaka mtumiaji atoe mtoto wake wa kwanza kuwa malipo. Asilimia 98 hawakukigundua. Kwa wastani waliyatazama masharti hayo kwa sekunde 51, ilhali kuyasoma sawasawa kungehitaji zaidi ya robo saa.

Wengi huuchukua utafiti huo kuwa ushahidi wa uvivu wa watumiaji. Mimi siridhiki na tafsiri hiyo. Hebu tumfikirie msomaji mwenye bidii, aliyeketi akasoma kila mstari. Je, atakuwa ameelewa? Swali hilo ni letu sisi watu wa lugha, nasi tumewaachia wanasheria na mafundi wa kompyuta kwa muda mrefu mno.

Kiswahili kinayo maneno matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida tunayachanganya: kukubali, kutoa idhini, na kuridhia. Yote matatu yana asili ya Kiarabu, lakini matumizi yetu yameyapa uzito tofauti. Kukubali ni kujibu ndiyo. Mtu anaweza kukubali huku moyo unakataa. Ndiyo maana tunasema "alikubali shingo upande". Idhini hutolewa na mwenye mamlaka juu ya jambo. Asiye na mamlaka, hata akisema ndiyo mara mia, hajatoa idhini. Ridhaa hudai zaidi ya hapo: nafsi iwe imelijua jambo na kutulia nalo. Wanaohudhuria ndoa za Kiislamu pwani wanaiona tofauti hii bila ya kufundishwa. Kuna ijabu na kabuli, maneno mawili ya mkataba. Lakini kabla ya hapo huulizwa idhini ya bibi harusi, na wazee hujihangaisha kujua kama kweli ameridhia.

Sasa tutazame kitufe cha mtandao. Kinachoombwa pale ni kukubali tu, tena kwa kidole. Baadaye kukubali huko huhesabiwa kuwa idhini, na mambo yakifika mbele ya sheria huitwa ridhaa. Neno moja jepesi limebebeshwa mzigo wa mawili mazito. Ieleweke kwamba hapa hapana hati iliyofichwa kabatini. Masharti yako wazi, yeyote anaweza kuyafungua. Kilichositirika ni maana.

Na hata pale maneno yanapotafsiriwa, mara nyingi tafsiri huongeza pazia jingine. Chukueni kitenzi kushiriki. Kiswahili cha mitandaoni, tangu Facebook ilipopata sura ya Kiswahili mwaka 2009 na hata kabla, kimekitumia kwa maana ya kupeleka kitu kwa wengine: "shiriki picha". Kumbe kushiriki ni kuwa na sehemu katika jambo: mtu hushiriki mazishi, hushiriki chakula. Kwa hiyo mtumiaji anaposoma kwamba kampuni "inashiriki taarifa zako na washirika wake", anasikia harufu ya ushirika wa wakulima wa kahawa. Hakuna anayehisi kwamba kitu chake kimetoka mkononi. Sentensi ingesema "tunawapa kampuni nyingine taarifa zako", asingebaki na shaka nani ametoa, nani amepewa, na kilichotolewa ni cha nani.

Hali kadhalika kauli za vitenzi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa tofauti ya "chungu kimevunjwa" na "chungu kimevunjika": katika ya kwanza yuko mvunjaji asiyetajwa, katika ya pili ni kana kwamba hakuwapo kabisa. Masharti ya mitandao hupenda kauli hizi mbili. "Taarifa zinaweza kukusanywa" humficha mkusanyaji. "Taarifa zinazopatikana" humfuta. Tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba hayo ni masuala ya mtindo. Katika mkataba, mtindo huamua nani atawajibika.

Lakini kifungu ninachotaka tukae nacho ni kingine. WhatsApp ilinunuliwa na Facebook mwaka 2014. Mwaka 2016 ilibadilisha masharti yake ili iweze kuipa Facebook sehemu ya taarifa za watumiaji. Na Januari 2021 ilitoa tangazo jipya la masharti lililoleta kelele duniani kote, hata tarehe ya mwisho ya kukubali ikasogezwa kutoka Februari 8 hadi Mei 15. Kelele zote zilihusu "taarifa zangu". Wachache waliona kwamba masharti ya 2016 yalimfanya mtumiaji pia atoe, mara kwa mara, namba za simu zilizomo katika daftari la simu yake, za watumiaji na za wasiotumia huduma hiyo, na athibitishe kwamba ana mamlaka ya kuzitoa.

Mamlaka hayo aliyapata wapi? Katika simu yangu imo namba ya shangazi asiye na intaneti, ya mkunga, ya mtu niliyemkopesha na ya aliyenikopesha. Hawakunipa namba hizo ziwe mali yangu. Kiswahili kina neno kamili kwa kitu cha namna hiyo: amana. Mwenye kuwekewa amana hulinda, hatoi. Na desturi yetu ya leo inalithibitisha hilo, kwani mtu akiombwa namba ya mwenziwe, mstaarabu hujibu, "Ngoja kwanza nimuulize." Mkataba ule ulimwondolea mtu fursa ya kuuliza, kisha ukamtaka aape kwamba ameuliza.

Madhara yake si ya kubuni. Mwaka 2018 ilibainika kwamba watu wapatao 270,000 waliokubali kutumia programu moja ya maswali katika Facebook waliwafungulia mlango wenye programu hiyo wachukue habari za marafiki zao pia. Facebook yenyewe ilikadiria kwamba huenda watu milioni 87 waliguswa, na habari hizo ziliifikia kampuni ya Cambridge Analytica, ambayo wakuu wake walinaswa na kamera ya siri ya televisheni ya Uingereza wakijigamba kuhusu kazi yao katika uchaguzi wa Kenya wa 2013 na 2017. Asilimia kubwa mno ya hao milioni 87 hawakubonyeza chochote. Walikubaliwa kwa niaba.

Kenya imelionja pia kwa njia ya mikopo ya simu. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa wengine, watu hao wakapokea simu na ujumbe wa vitisho. Wakati huohuo ukumbi mmoja wa starehe wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Katika Ulaya, mamlaka ya Ireland iliitoza WhatsApp yuro milioni 225 mwaka 2021 kwa kutowaeleza watu waziwazi jinsi habari zao zinavyotumiwa, na katika kosa hilo walihesabiwa hata wasio watumiaji. Uamuzi huo, kwa maoni yangu, ni uamuzi kuhusu lugha.

Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Imeandikwa kwa Kiswahili, na ridhaa ni mojawapo ya nguzo zake. Hii ni hatua kubwa kwa lugha yetu, kwani mahakama na tume sasa zitalazimika kusema ridhaa ni nini, na zitataka ushahidi wa matumizi ya wasemaji. Wataalamu wa kamusi wasijifungie. Kamusi zetu zimezoea kufasiri ridhaa kwa kukubali, na kukubali kwa kuridhia. Wakili wa kampuni hahitaji silaha nyingine.

Wengi wenu mtakuwa wafasiri, na kazi za kampuni hizi zitawafikia, kwa malipo mazuri. Nimejaribu kukiandika kifungu kile cha namba za simu kwa Kiswahili kisichoficha mtendaji: "Unatupa namba za watu wote waliomo katika simu yako, hata wasiotumia huduma yetu, na unatuhakikishia kwamba kila mmoja wao amekupa idhini." Sentensi si ndefu kuliko ile ya asili kwa kiasi cha kumchosha mtu. Mteja wenu huenda akairudisha, akiomba kitu "laini zaidi". Hapo ndipo mtakapotakiwa kumwandikia, kwa kalamu ileile, ni neno gani mlilolikataa na kwa nini.