Kuchagua Pampu ya Maji kwa Injini ya Motokaa Kuukuu



Neno nililoombwa kulisema leo ni juu ya kipuri kimoja kidogo, yaani pampu ya maji, na hasa jinsi ya kuchagua nyingine pindi ile ya zamani inapokwisha. Nimelipokea kwa furaha, kwa kuwa hapa Kabras motokaa kuukuu si pambo la tajiri. Ni pikapu ipelekayo maziwa na mahindi Malava siku ya soko. Ndiyo imchukuayo mgonjwa usiku mpaka Kakamega. Na wakati wa kuvuna miwa ndiyo iwapelekeayo wakataji chakula na matrekta mafuta. Motokaa ya namna hiyo ikikosa maji ya kuipoza kwa dakika chache tu, silinda hedi hupinda, gasketi huungua, na mwenyewe hulazimika kutengeneza injini nzima kwa ajili ya kifaa kinachoshikika kwa mkono mmoja.

Yafaa kwanza tujue kazi yake. Ndani ya pampu mna gurudumu dogo lenye makafi, kama kasia nyingi zilizofungwa pamoja. Gurudumu hilo limekazwa kwenye mhimili, na mhimili huzungushwa na mkanda wa feni. Makafi huvuta maji yaliyopoa kutoka chini ya rejeta na kuyasukuma ndani ya injini, yapite kando ya silinda, yapande kwenye hedi, kisha yarudi juu ya rejeta yakiwa ya moto. Mhimili huchukuliwa na beringi, na kati ya beringi na maji pana sili inayozuia maji yasitoke. Basi, pampu nzima ni hiyo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wa pwani hawana haja nalo sana, bali sisi tunalo. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100 za joto. Huku kwetu Kakamega, nchi iliyo juu ya bahari kwa mita 1500 na zaidi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Themostati za injini nyingi za zamani hufunguka karibu na nyuzi 82. Kwa hiyo nafasi iliyopo kati ya injini iliyopata moto wake wa kawaida na maji yanayotokota ni ndogo kwetu kuliko kwao. Kifuniko cha rejeta kilicho kizima huongeza nafasi hiyo, kwa sababu hushikilia kani ya mvuke. Kifuniko cha pauni 7 hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 10 na zaidi kidogo. Lakini kifuniko kikichoka, na pampu nayo ikiwa inasukuma maji nusu ya inavyopaswa, gari lililojaa magunia na kupanda kilima polepole halitafika. Pampu inayomfaa mtu wa Mombasa kwa shida itamharibia injini mtu wa Kabras.

Utajuaje kwamba pampu imekwisha? Shika feni kwa mikono miwili, injini ikiwa imezimwa na kupoa, uitikise mbele na nyuma. Ikicheza, beringi imelika. Tazama pia chini ya mhimili. Pana tundu dogo lililotobolewa kwa makusudi na waliotengeneza pampu. Maji yakidondoka hapo, sili imekufa. Wako wenye magari wanaoziba tundu hilo kwa kijiti au kwa sabuni, wakifurahi kwamba uvujaji umekoma. Haukukoma, maji yamegeuzwa njia, yanaingia kwenye beringi, na beringi ikivunjika feni yaweza kuruka mbele ikapasua rejeta. Hapo gharama zimekuwa mbili.

Ipo pia pampu isiyovuja wala kucheza, na bado haifai kitu. Hiyo ndiyo ile ambayo makafi yake yameliwa na kutu yakabaki visiki. Injini iliyotiwa maji matupu ya mtoni miaka kumi hupata ugonjwa huo mara kwa mara, na mwenyewe hununua rejeta mpya bure.

Haya, tumekubaliana kwamba pampu inataka kubadilishwa. Mwenye gari huingia katika duka la vipuri na kusema, "Nipe pampu ya Peugeot 504." Maneno hayo hayatoshi hata kidogo. Peugeot 504 ilianza kutoka mwaka 1968, na kwa miaka yake mingi ilitiwa injini za petroli za sentimita 1796 na 1971, na injini za dizeli za 1948, 2112 na 2304. Hapa Kenya iliendelea kuunganishwa mpaka mwaka 2004. Pampu ya dizeli si pampu ya petroli, hata kama jina lililoandikwa nyuma ya gari ni moja. Tena Peugeot nyingi za 404 na 504 zilikuwa na feni isiyozunguka daima: ilishikwa na sumaku ya umeme maji yalipopata moto, ikaachiwa yalipopoa. Pampu ya feni ya namna hiyo ina sehemu ya mbele isiyofanana na pampu ya feni iliyokazwa moja kwa moja. (Magari haya yalistahili sifa zake, 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda mwaka 1975. Lakini ushindi haumsaidii mtu aliyenunua pampu isiyo yake.)

Wenye matrekta nao wasidhani kwamba wamesalimika. Massey Ferguson 35 ya kwanza ya dizeli ilikuwa na injini ya Standard ya silinda nne; tangu mwishoni mwa mwaka 1959 ikapewa Perkins ya silinda tatu. Jina lile lile, rangi ile ile, injini mbali kabisa.

Tena, motokaa kuukuu imekwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Huenda mwenyewe wa tatu alitoa injini ya petroli akatia ya dizeli, au alitia injini ya Toyota katika gari lisilo Toyota. Kwa hiyo usiulize gari, uliza injini. Namba yake imepigwa chapa kwenye bloku yenyewe. Futa mafuta na matope kwa kitambaa chenye dizeli, isome, uiandike kwenye karatasi, kisha uilinganishe na ile iliyo katika kitabu cha gari. Zikihitilafiana, ifuate ya bloku unapotafuta vipuri, na lile jambo la kitabu ulitengeneze kwa njia ya sheria kabla polisi hawajalitengeneza wao.

Namba hiyo itakufikisha karibu. Kinachokufikisha kabisa ni pampu ya zamani yenyewe. Ifungue kwanza, usafiri nayo. Nauli ya kwenda Kakamega, Eldoret au Kisumu, au hata kwenye maduka ya Kirinyaga Road huko Nairobi, si kidogo, na mwenye duka asipoona pampu yako atakupa iliyo karibu na mkono wake. Ziweke mbili hizo mezani, uso kwa uso, ya zamani na mpya, uzichunguze bila haraka. Mwenye duka akikunja uso, mwache akunje. Fedha ni zako.

Watu wengi hutazama matundu ya bolti, wakiona yanalingana hulipa. Matundu kulingana ni mwanzo tu. Kipimo kikubwa kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni kimo: kutoka uso unaokaa juu ya injini mpaka uso wa sahani ya mbele inayofungwa puli na feni. Pima kwa rula ya chuma, au bora zaidi kwa kalipa. Kimo kikizidi au kupungua kwa milimita 2 au 3, puli haitakuwa katika mstari mmoja na puli nyingine. Mkanda utakaa upande, utalia, utalika ubavu, na beringi ya pampu mpya itavutwa kando mpaka ife kabla ya msimu kwisha. Kimo kikizidi sana, feni itagusa rejeta. Mtu atalaumu mkanda, atabadilisha mikanda mitatu, na kosa liko kwenye pampu.

Kisha ligeuze lile gurudumu la makafi juu. Upana wake ulingane na wa zamani, na kina cha makafi vilevile. Angalia makafi yamelalia upande gani. Katika injini nyingine mkanda huzungusha pampu kwa mgongo wake, hivyo pampu huzunguka kinyume. Zipo pampu mbili za umbo moja kwa nje, ambazo makafi yake yameelekea pande mbalimbali. Ukitia isiyo sawa, maji yatasogea kidogo tu, injini itakuwa salama ikiwa imesimama bila mzigo, nayo itachemka utakapoanza kupanda. Hilo ni kosa gumu kugundua kwa sababu kila kitu kinaonekana kipya. Midomo ya mipira ya maji nayo ipimwe. Na kama injini yako ina bomba dogo la kupeleka maji kwenye hita, pampu iwe na tundu lake, au lizibwe kwa bolti yenye uzi wake barabara, si kwa kipande cha mti.

Pale ambapo makafi hukaa katika chumba kilichochongwa ndani ya bloku, nitawapa njia isiyo na gharama ya kujua kama pampu mpya inafaa. Chukua udongo laini wa mfinyanzi uliokandwa vizuri, uubandike kidogo juu ya makafi mawili. Weka gasketi kavu, funga pampu kwa bolti zake, izungushe kwa mkono mara moja polepole, kisha uifungue. Ukisikia chuma kinakwaruza chuma, usiendelee. Kata udongo kwa kisu utazame unene uliobaki. Katika pampu nyingi milimita 1, au pungufu kidogo, ni nafasi njema. Ukikuta milimita 3 au 4, maji yatateleza nyuma ya makafi badala ya kusukumwa, na pampu hiyo, ingawa imekaa vizuri na haivuji, haikutengenezewa injini yako. Kwa sababu hiyo hiyo usipange gasketi mbili, wala usipake gundi nene kama siagi. Unaongeza nafasi isiyotakiwa, na mabaki ya gundi huenda kuziba rejeta.

Je, kama hapana pampu mpya inayolingana? Jambo hili hutokea sana kwa injini ambazo hazitengenezwi tena. Hapo mimi ningechagua kuifufua ile ya zamani kuliko kuilazimisha ngeni. Nyumba ya pampu huishi muda mrefu. Kinachokufa ni beringi, sili na makafi. Fundi mwenye mashini ya kukerezea na kishinikizo aweza kuvitoa na kutia vingine vya kipimo kile kile. Mwambieni apime kimo cha sahani kabla hajaivuta, na airudishe kwenye kimo hicho hicho. Nyumba ikiwa ya chuma na imejaa kutu, tunayo dawa karibu: kiwanda chetu cha sukari, kilichoanza kazi mwaka 1981, hutoa molasi, na sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji hula kutu taratibu kwa wiki moja au mbili. Ioshe sana baadaye. Lakini nyumba ikiwa ya alumini usithubutu, maana alumini nayo italiwa.

Pampu iliyotolewa katika gari bovu ni bahati nasibu. Ukiinunua, inunue kama nyumba ya kufufuliwa, kwa bei ya chuma.

Juu ya kufunga sitasema mengi, mafundi wetu wa jua kali wanajua. Bolti za pampu mara nyingi hazina urefu mmoja. Zichomekeni kwenye kipande cha katoni kwa mpango wake, kwa kuwa bolti ndefu ikitiwa penye tundu fupi hupasua bloku. Tazameni pia feni. Feni iliyopinda jani moja hutetemesha mhimili na kuua beringi mpya. Oshe injini na rejeta kabla ya kufunga, mkitia maji safi yenye dawa ya kuzuia kutu, na mkanda ukazwe kiasi: ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati, ushuke kama milimita 12. Ukikazwa kama uzi wa gitaa, beringi haitadumu. Baada ya safari ya kwanza, acheni injini ipoe, kisha kazeni tena bolti na kuangalia maji. Wala kifuniko kisifunguliwe kikiwa cha moto, na maji baridi yasimiminwe katika injini iliyochemka, hedi hupasuka.

Pampu ya zamani msiiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu mpaka ile mpya imekwisha kufanya kazi mwezi mzima na mzigo.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Wenye maswali juu ya magari yao wasimame sasa mmoja mmoja, na kila mmoja aanze kwa kunisomea namba ya injini.