Kabla Hujaandika Jina la Kijana

(Mada iliyotolewa mbele ya viongozi wa vikundi vya vijana baada ya Tarawehe, Mombasa)



Ndugu zangu, dada zangu, na nyinyi wazazi mliojikaza kubaki hadi saa hii, nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuomba misaada kwa ajili ya vijana walio hatarini. Najua wengi mmekuja na kalamu mkitaraji niwatajie wafadhili mmoja mmoja. Hayo yana siku yake. Leo nataka kwanza niwaeleze kosa tulilofanya sisi wenyewe, kwani nikiletewa maombi niyasome nalikuta kosa lile lile karibu kila mara.

Miaka kadhaa nyuma kikundi chetu huku Kisauni kilipata habari kwamba kuna shirika linatoa fedha za kusaidia vijana waliotumbukia kwenye unga. Zilibaki siku nne fomu zifungwe. Tukajifungia chumbani tukaandika. Tukasema tuna vijana 200. Tuliowajua, kwa majina na kwa nyumba zao, walikuwa 23. Kisha mmoja wetu akasema wafadhili wanapenda picha. Basi tukamwita kijana mmoja pale maskani, tukamwambia, "Kaa hapo kwenye ngazi." Akakaa, kwa kuwa alituamini. Chini ya picha tukaandika jina lake, mtaa wake, na kwamba anajidunga sindano.

Fedha zilikuja, alhamdulillahi, tulifurahi. Lakini na ile picha nayo ikasafiri. Ikatoka kwenye ombi ikaingia kwenye ripoti, ripoti ikapigwa chapa, nakala zikagawiwa kwenye mkutano, na kwenye mkutano alikuwepo mtu anayemjua tajiri wake. Maana kijana yule wakati huo alikuwa ameshaacha. Miezi mitano alikuwa hajagusa, anabeba saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hakumaliza wiki, akafukuzwa. Alikuja kwangu jioni, hakupiga kelele, aliniuliza tu, "Kaka, mimi mliniuza shilingi ngapi?"

Nilinyamaza. Ungekuwa wewe ungemjibu nini?

Basi ndugu zangu, sheria ya nchi nayo sasa imeingia katika jambo hili. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na habari za afya ya mtu ni katika zile zinazolindwa zaidi. Kijana lazima aelezwe habari zake zinakwenda wapi na za nini, kisha akubali mwenyewe. Akiwa ni mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayekubali. "Alisimama tukampiga picha" si ruhusa. Nasi tunaojua maana ya sitara hatukupaswa kungoja Bunge litufundishe.

Nawapa kipimo kimoja ninachokitumia tangu siku ile. Ukimaliza kuandika, mwite kijana uliyemtaja, umsomee kile ulichoandika juu yake, kwa sauti. Ukiona ulimi unakuwa mzito mahali, hapo pafute.

Na hili neno lenyewe, "walio hatarini", tuliangalie vizuri. Hatarini kwa nini? Yuko aliyekosa karo. Yuko anayetumia unga. Yuko binti aliyeachishwa shule aolewe. Yuko aliyevutwa na magenge ya panga. Mwaka 2016 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kupambana na itikadi kali, baadaye kaunti zikatunga mipango yake, na fedha za wafadhili zikafuata. Vikundi vikagundua kwamba ukiandika "itikadi kali" mlango unafunguka upesi. Ikawa hata kikundi cha mpira kinaandika hivyo! Sasa mama wa mtaani akisikia mwanawe yumo kwenye orodha ya walio hatarini, anauliza, orodha ya nani hiyo, na inapelekwa wapi? Msimwone mjinga. Pwani hii kuna familia ambazo mpaka leo hazijui watoto wao waliochukuliwa wako wapi. Kama tatizo la kijana ni karo, andika karo. Majina yabaki kwenye daftari linalofungiwa. Kwenye ombi weka idadi, umri na mtaa, yatosha.

Kuhusu idadi, msiogope kuwa wachache. Sisi tuliposema 200, mfadhili alitudai ripoti ya 200. Mwaka mzima tukawa tunatafuta watu wa kutia saini mahudhurio, badala ya kukaa na wale 23 waliotuhitaji. Fedha ya mtu uliyoichukua kwa hesabu ya uongo ni amana iliyoharibika kabla hujaitumia. Siku hizi nikisoma ombi linalosema "tunao vijana 17, na hivi ndivyo tunavyowajua," mimi huliamini kuliko la elfu mbili.

Bajeti nayo ndiyo inayoonyesha kama unamjua kijana au humjui. Nimeona bajeti zenye fulana, mabango, na chakula cha hotelini, lakini nauli hakuna. Dawa ya methadoni, ambayo ilianza kutolewa huku Pwani mwaka 2015, Malindi na Mombasa, mgonjwa huinywa kliniki mbele ya mhudumu, na huifuata kila siku. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 100. Vijana 10 kwa siku 30 ni shilingi 30,000. Mtaona ni kitu kidogo kwenye bajeti, lakini kijana asiye na hiyo mia ataitafuta, na namna atakavyoitafuta mnaijua. Ramadhani huleta na swali la saa za kunywa dawa na saumu. Mpelekeni kwa daktari na kwa sheikh mapema, asikate dawa peke yake kwa kuona haya.

Tena tofautisheni msaada na mkopo, maana wengi wanachanganya. Hazina ya Vijana ya 2006, Hazina ya Uwezo ya 2013 na ile ya Hustler ya 2022 zote zinakopesha, na mkopo hulipwa. Uwezo haina riba ila ina ada ya usimamizi. Hustler ilianzishwa kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Yasomeni masharti, waulizeni masheikh wenu. Lakini hata pasipokuwa na riba, kijana aliyetoka kwenye unga juzi usimtwike deni la kikundi.

Karatasi sitazizungumzia sana. Cheti cha usajili, siku hizi kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kisiwe kimepitwa na wakati. Mihtasari ya mikutano iwe ya mikutano iliyofanyika kweli. Akaunti iwe ya kikundi yenye watia saini watatu, isiwe M-Pesa ya mwenyekiti. Mnaotaka benki inayofuata kanuni za Kiislamu, zipo nchini tangu 2008.

Na mjue fedha za nje hukatika. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ghafla, na miradi mingi ya afya hapa Kenya ikafungwa, vijana wakafika mlangoni wakakuta kufuli. Kwa hivyo katika kila ombi jiulizeni ni kitu gani kitakachoendelea kwa mchango wa mtaa fedha zikikatika, hata kiwe ni ile nauli peke yake. Wazazi mliopo hapa, hilo nawatazama nyinyi.

Yule kijana alipata kazi nyingine baadaye, si kwa msaada wetu. Tunasalimiana, lakini maskani yetu haji tena.

Jumamosi inshaAllah tutakutana hapa hapa baada ya Alasiri. Kila kikundi kije na ombi lake, hata kama halijakamilika, na kije na kijana mmoja kati ya wale mlioandika habari zao, akae nasi tukilisoma. Futari iko juu yetu.